Mama Ova na Kisanduku cha Redio

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Mama Ova, na alijitakia mwenyewe. Miaka thelathini ya kuongea kwa redio ya mawasiliano ilimtia mazoea ya kumaliza usemi kwa neno lile la kumpisha mwenzio aseme: "Nipe nyanya nne, ova." Muuza mboga wala hashangai tena. Kazini, kwenye karakana ya miwani, alipachika vioo kwa mkono mwepesi ajabu. Hasira zake, loo! Hizo zilikuwa karibu kama pua na mdomo.

Mambo ya redio waliyarithi kwa baba yao, aliyewafundisha yeye na kaka yake mpaka wote wawili wakapata leseni. Kaka alipohamia mbali, wakawa wanakutana hewani kila Jumamosi asubuhi. Kwa nini wasipigiane simu tu? Thubutu! Ukoo ule ni wa waropokaji. Kwenye simu walisema wote kwa pamoja, hakuna aliyesikia, wakaishia kununiana. Redioni mmoja akibonyeza kitufe, mwenzake, apende asipende, anangoja ova. Udugu wao uliishi kwa kitufe hicho.

Basi mwenye nyumba akaamuru antena ishushwe kutoka paani, eti inanasa mashuka ya wapangaji. Kaka naye alikuwa ameshahamia redio za dijitali. Ikabaki simu. Siku ya kwanza tu kaka akasema, "Mambo ya dijitali ni magumu kwako..." Mama Ova akamkatia simu palepale. Huu ni mwezi wa tatu hawasemeshani. Kila Jumamosi moyo ulimuuma, ingawa ungemuuliza angekuapia kwamba yuko salama salimini.

Mteja mmoja wa miwani ndiye aliyemfungua macho. Alimwambia kuna kisanduku cha kuweka mezani, kinaunganishwa na intaneti. Redio ya mkononi inatuma sauti hatua mbili tatu tu mpaka kwenye kisanduku, nacho kinaifikisha hata upande wa pili wa dunia. Antena ya paani ya nini tena! Mama Ova akapanga lake: atamtokea kaka hewani ghafla, bila kuomba radhi wala kubembeleza mtu.

Jumamosi hiyo akaingia duka la vifaa vya redio. Muuzaji, kijana aliyevaa miwani aliyotengenezewa na Mama Ova mwenyewe, akasikiliza habari za kaka, akampangia visanduku mezani.

"Hiki bei rahisi, lakini utakipanga mwenyewe kwa kompyuta. Hiki kina skrini, ukifika nyumbani unawasha tu. Kaka yako anatumia mfumo gani?"

"Wa dijitali."

"Dijitali ziko nyingi, mama. Wa mfumo huu hamsikii wa mfumo ule."

"Kwani hakuna kisanduku kinachojua mifumo yote?"

"Kipo, hiki hapa. Lakini hizi redio za mkononi, kila moja inajua mfumo mmoja tu. Ukichukua isiyo ya mfumo wake, utaongea na ukuta. Muulize kaka."

"Nimuulize yeye? Afadhali nitafune vioo vya miwani!"

Akaishika redio hii, akairudisha, akaishika ile. Mwishowe akasema, "Nipe hii nyeusi. Kaka anapenda vyeusi."

Muuzaji alicheka mpaka akavua miwani. "Mama yangu, redio si viatu!"

Mama Ova naye akacheka, kisha akaishiwa kicheko. Aliona wazi: akikosea, Jumamosi nyingine itapita kimya, na nyingine, na nyingine. Akatoa simu, akampigia kaka.

"Kaka, usiseme neno mpaka niseme ova. Nilikukatia simu, nilikosea. Nimekukumbuka mno. Ova."

Akajiandaa kukatiwa naye, malipo ni hapa hapa duniani.

"Nimekupata vizuri," sauti ya kaka ikaja. "Siku ile nilitaka kusema mambo haya ni magumu kwako peke yako, nakuja nikufungie redio mimi. Ningeanza na hilo la kuja, tusingefika hapa. Na mimi mjinga. Ova."

Mama Ova akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge. Miaka yote ile, kumbe hata simu ingeweza kubeba ova! Akauliza anakuja lini, ova. Kaka akaanza kueleza, na mtu yule akianza kueleza hajui breki: mara goti lake, mara mkewe, mara ratiba ya mabasi. Muuzaji alisimama na redio mbili mikononi, wateja wawili wakimsubiri nyuma.

"Mama," akanong'ona, "amesema mfumo gani?"

Mama Ova akaziba simu kwa kiganja.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Kaka yangu anaongea."