Bibi Maswali wa Chumba cha Upasuaji

Pale hospitalini wanamwita Bibi Maswali. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Karatasi yake ya maswali ameitia kwenye plastiki kwa sababu, anasema, mikono ya madaktari haikauki. Alianza kazi akiwa mfagizi wa chumba hicho hicho, akaenda kusomea uuguzi watoto wake wakiwa wakubwa.

Nilimjua siku binti yangu wa miaka saba alipopelekwa kupasuliwa ngiri. Tuliambiwa asile wala asinywe chochote tangu usiku. Alfajiri mtoto akalia njaa. Moyo ukanishinda, nikampa nusu kikombe cha maziwa, nikamfuta mdomo.

Wodini wakaniuliza kama amekula. Nikasema hapana. Mlangoni pa chumba cha upasuaji daktari akauliza tena. Hapana. Niliogopa tutarudishwa, na nafasi ile tulikuwa tumeingoja miezi mitatu.

Ndipo Bibi Maswali akaja na karatasi yake. Jina la mtoto, ngiri iko upande gani, dawa zinazomdhuru. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Mama mwenzangu, leo amekula nini?"

"Si nimeshajibu mara mbili, dada?"

"Umewajibu wao. Mimi bado."

Daktari akacheka. "Bibi Maswali, utatuweka hapa mpaka mtoto aolewe!"

"Na aolewe, baba, ila awe hai," akamjibu bila kuinua macho. Akanigeukia. "Akilala kwa dawa na tumbo lina kitu, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Hakuna atakayekugombeza. Niambie tu."

Machozi yakanitangulia. "Maziwa. Nusu kikombe, alfajiri."

Daktari aliacha kucheka, akavua glavu zake. Bibi Maswali akaandika, akamfunika mtoto shuka vizuri. "Kesho, wa kwanza kabisa. Leo mtalala hapa, na maziwa nitayalinda mimi."

Asubuhi iliyofuata aliniuliza yote upya, kana kwamba hatujawahi kuonana. Nilijibu hata ambayo hakuuliza.

Sasa binti yangu anaruka kamba mpaka naogopa atavunjika mguu. Kila nikipita pale hospitalini huingia kumsalimia Bibi Maswali na kumshukuru. Yeye hanipokei shukrani kabla hajauliza.

"Amekula?"

"Amekula, dada. Na sahani yangu kaimaliza."