Dominika achagua koki ya kumwondolea kazi

Kuni zimeloa kwa mvua ya jana, na moshi unamfanya Dominika Mushi afumbe jicho moja. Anapuliza, anakohoa, anapuliza tena. Juu ya mafiga, pipa la maji limeanza kuimba. Wageni wa nyumba hii ndogo ya kulala, huku Kibosho, bado wako vitandani. Wakiamka watataka kunawa maji ya moto kabla ya kuanza safari ya mlimani.

Anachota ndoo, anaishika kwa mkono wa kushoto, anapanda ngazi za saruji kuelekea mabafuni. Bega la kulia limekwisha. "Hili lilistaafu kabla yangu," anasema, bila kucheka.

Dominika ana miaka hamsini na mmoja, na kazi hii ameifanya tangu mwaka 1989. Mumewe alikuwa amefariki, na kahawa ya kihambani, shamba la nyumbani, ilitosha ada ya shule tu. Bei ya kahawa nayo ilipoporomoka, ndoo ndiyo ikabaki kumlisha yeye na binti yake, Evelyn. Sasa, mwaka 2002, analipwa shilingi elfu thelathini na tano kwa mwezi.

Miaka yote hiyo kila bafu lilikuwa na bomba moja tu, la maji baridi. Maji ya moto yalikuwa Dominika.

Baada ya Krismasi iliyopita, mawakala wanaoleta wapanda mlima walimwambia mwenye nyumba, Primus Kimaro, kwamba asipotengeneza mabafu watawapeleka wageni kwingine. Mkewe alikuwa Dar es Salaam akimuuguza mama yake. Primus, ambaye Dominika humwita Baba Godlove, akamgeukia yeye.

"Mama Evelyn, twende mjini ukanichagulie koki ya sinki."

"Nichague mimi, Baba Godlove?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye unayeyasugua hayo mabafu."

Katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi walipokewa na muuzaji kijana, Aminieli. Aliwaamkia, kisha akawaonyesha koki mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, ya kuzungusha, ya maji baridi. Ya pili ilikuwa imefungwa kwenye sinki la maonyesho, mdomo wake mpana na bapa kama ulimi wa ng'ombe. Aminieli aliinua kishikio kwa kidole kimoja. Maji yakatoka kwa upana, yameshikana kama kitambaa, yakateremka bila kelele.

"Hii ndiyo ya kisasa, mama. Wanaiita ya maporomoko. Inachanganya ya moto na ya baridi humo humo."

Dominika akaingiza mkono. "Kama mto Umbwe wakati wa masika," akasema. Kisha akauliza, "Na hayo ya moto yanatoka wapi?"

Primus akajikohoza. Alimweleza kwamba koki ile haina maana bila tanki la umeme la kuchemshia maji, la kupachikwa ukutani. Wakichukua ya kawaida, mambo yataendelea kama zamani.

"Na tanki likija, mimi nitabeba nini?"

"Hilo bado sijalijua, Mama Evelyn. Sitakudanganya."

Dominika aliomba akae kidogo. Wakamsogezea debe la rangi, akaketi. Angenyoosha kidole kwenye koki ya kawaida, mkate wake ungebaki, na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini kichwani alikuwa na asubuhi moja ya wiki ile. Alishindwa kuinua mkono hata wa kufunga kilemba. Evelyn, aliyemaliza kidato cha nne akakosa pa kuendelea, alikuja bila kuitwa, akainyakua ndoo na kupanda nayo ngazi bila kumwaga tone. Mgeni mmoja akamsifu kwamba ana nguvu kama mama yake.

"Sifa ile ilinichoma," anasema Dominika. "Nikaona ndoo imeshamjua mtoto wangu. Mimi mwenyewe nilidhani naibeba kwa muda tu, mpaka mambo yatengemae. Hii leo ni miaka kumi na mitatu."

Akainuka, akaigusa ile yenye mdomo mpana. "Chukua hii."

"Una hakika?" Primus akauliza.

"Chukua kabla sijageuza mawazo."

Bafu moja limeshakamilika; mawili yaliyobaki fundi atayamaliza kabla ya Pasaka. Siku koki ya kwanza ilipofunguliwa, mgeni mmoja, mama mzee wa Kiholanzi, alitoka na povu mikononi, akamvuta Dominika aje aone. Dominika alisimama akitazama maji yakishuka na mvuke ukipanda. Alitarajia angefurahi, au angelia.

"Sikuweza hata kimoja. Nilichoka tu. Uchovu wa miaka yote ulinijia pale pale mlangoni, nikakaa chini."

Primus amemwahidi kazi ya kufua mashuka, siku tatu kwa wiki, kwa nusu ya mshahara. "Amenilelea nyumba hii," anasema, akikwepa macho ya Dominika. "Lakini umeme nao una bili yake." Dominika amekubali, kwa sasa. Kufua nako ni maji, anasema, na bega ni lile lile.

Evelyn amepata nafasi ya kujifunza cherehani kwa masista wa parokia, kuanzia mwezi wa tano. Dominika mwenyewe anataka kupika mtori, supu ya ndizi na nyama, na kuuza karibu na geti la mlima, wanakokusanyika wapagazi kutafuta kazi. Ndizi zipo kihambani, na sufuria ameahidiwa na dada yake.

"Nitaanza Pasaka ikishapita," anasema. "Ila si Jumatatu ya Pasaka. Jumatatu ile nataka nilale tu. Evelyn nimeshamwambia, hata jua likifika dirishani, asiniamshe."