Tusekile na Mkwewe Asiyesemeshwa

Tangu aolewe kule Ikinga, milimani Ileje, Tusekile hakuwahi kumsemesha baba mkwe wake, Mzee Anyosisye. Wala si ugomvi. Ni heshima ya Wandali wa zamani: mkaza mwana hamtazami mkwewe usoni, na akikutana naye njiani hupinda kando. Siku hizi wengi wameiacha, lakini mzee yule ni wa kale kwelikweli, na Tusekile si mtu wa kujitia ubishi. Mumewe ndiye aliyekuwa akipeleka maneno. Alipofia hospitalini, kazi ikamwangukia binti yao Enesi, angali na mapengo.

Enesi aliifanya kwa ujanja wake mwenyewe. Mama akimtuma akaseme kwamba mbuzi wa babu wamemaliza maharage na yeye amechoka, mzee alifikishiwa salamu, halafu ombi dogo la kufunga mbuzi. Tusekile alijua, akacheka kimoyomoyo. Bila utundu ule nyumba ingekuwa imeshawaka moto.

Sasa Enesi ana miaka kumi na minne, na amelazwa hospitalini. Uvimbe umeota kwenye mfupa, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Daktari Brenda hakuzunguka: ni saratani, mguu ukatwe chini ya goti mapema, la sivyo itasambaa. Mzee akakataa katakata. Mjukuu wake hatarudishwa nyumbani nusu mtu. Atatafutiwa dawa za mizizi.

Daktari akamvuta Tusekile pembeni, akamweleza kwamba mtoto hajafikia umri wa kujisainia, na sahihi ya mama inatosha. Tusekile alitamani kusaini papo hapo. Lakini kumruka mzee aliyemlimia shamba tangu awe mjane, asimfukuze wala kumsimanga hata siku moja? Aliogopa, na mimi simcheki.

Basi wakakaa hivi: Tusekile nyuma ya pazia la wodi, mzee kwenye kiti upande wa pili wa kitanda, na mgonjwa katikati akipokea maneno ya huku na kuyapeleka kule, yote yakihusu mguu wake. Nisiwafiche, jambo hili linaniudhi mpaka leo. Katika watu wazima wote wale, ni daktari peke yake aliyekumbuka kumuuliza mwenye mguu ameelewa nini.

Enesi akaeleza taratibu. Mizizi haitautoa uvimbe ule. Akikatwa huenda akapona, ingawa huenda ukarudi. Atajifunza kutembea na mguu wa bandia, lakini kuteremka mlimani na mzigo wa kahawa kichwani, basi tena. Daktari hakuwa na la kuongeza.

Nyuma ya pazia Tusekile akanong'ona, "Mwambie babu yako, namwomba akubali." Akangoja maneno yake yatiwe sukari kama kawaida. Enesi hakuyapeleka.

"Babu," alisema, "leo sipeleki ya mama. Haya ni yangu. Naogopa sana, lakini nataka mguu ukatwe. Nataka kuishi."

Mzee akamgeukia daktari, akamwambia kwamba mama wa mtoto asaini.

Kesho yake asubuhi Enesi alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, akaingia chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa. Tusekile alibaki kwenye benchi ameinamisha uso. Mzee alisimama mbali kule mwisho wa ukumbi. Hapakuwa na mtu wa kuwapelekea maneno.

Baada ya kitambo mzee akaugeukia ukuta.

"We ukuta," alisema, "mwambie mama Enesi sikuwa mkaidi. Niliogopa kumzika na huyu, kama nilivyomzika baba yake."

Tusekile akavuta kanga usoni, naye akaugeukia ukuta uleule. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mwambie baba hata mimi naogopa," akajibu. "Na aje akae, miguu itamuuma."