Mharii Aliyeniamkia kwa Kipare

Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu Neema naye alicheka, mpaka alipoona nilichonyang'anywa.

Mimi ni Mpare wa Same, nesi hapa Saint Paul, ughaibuni. Mama naishi naye. Ugonjwa wa kusahau ulishamfutia Kiswahili chote, akabaki na Kipare tu, na nyumbani kwetu aliyekuwa akimwelewa ni mimi peke yangu.

Jioni moja ya Januari nilitoka kazini nikapanda treni. Huku majira ya baridi saa kumi na moja giza limeshatanda. Behewa tupu. Mzungu mmoja mrefu akaja kuketi mbele yangu, hana koti, uso na mikono vimepakwa masizi. Akaniamkia. Kwa Kipare! Tena kile cha milimani, cha bibi yangu.

Wewe usingeitikia? Niliitikia kwa furaha, nikamuuliza alijifunzia wapi.

"Sikujifunza," akasema. "Mimi Mharii. Watu wangu waliishi Ulaya, enzi za Warumi. Tulijipaka weusi tukapigana gizani, maadui wakakimbia wakidhani ni wafu."

"Sasa wako wapi?"

"Hakuna. Lugha yetu haina hata msemaji mmoja. Ndiyo maana naomba za wengine. Endelea kusema, ndugu yangu. Nina njaa."

Niamini, mdomo ulikwenda wenyewe. Nikamsimulia shamba letu, mifereji, majina ya ndege. Alifumba macho kama anayekunywa uji baada ya kufunga. Kabla hatujafika kituoni, kiti kilikuwa kitupu.

Baadaye nilitafuta. Waharii walikuwepo kweli, kabila la Kijerumani la kale. Mwandishi mmoja wa Kirumi aliwataja kwa maneno machache, basi.

Jioni ileile, nilipofika nyumbani, Mama akaniita. Nikasikia sauti tu.

"Anasemaje?" Neema akauliza.

Nikamwomba Mama arudie. Akarudia polepole, amenishika shavu. Sikuambulia neno.

Hadi leo. Kaka yangu aliyeko Same hututafsiria kwa simu, lakini Mama haitazami simu. Hunitazama mimi, akingoja. Siku hizi hata kuongea ameacha.

Basi sikia: mgeni usiyemjua akikuamkia ugenini kwa lugha ya kwenu, na uso wake una masizi, pita. Usiitikie, hata hamu ikikuzidi.