Siku Lorna Aliponyamaza Msituni

Nyumba yangu na ya Lorna Tordoff zinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, kwa hiyo nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Asubuhi nilimsikia akimpa mbwa wake habari za mvua. Jioni alimwuliza kama ameuona upuuzi wa watu wa kwenye televisheni. Mbwa hakujibu, na Lorna hakungoja jibu.

Sauti ile alianza kuipaza kwa ajili ya mumewe. Keith alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma hapa Sheffield, mbele ya nyundo kubwa ya mashine, mpaka masikio yakafa. Lorna mwenyewe alikuwa akipakua chakula katika shule ya msingi, mahali ambapo usipopaza sauti watoto wanakupanda kichwani. Akawa anapaza kazini, akirudi nyumbani anapaza tena. Keith alipofariki alimwachia koti lake la kijani la kutembelea msituni, na Bobbin, mbwa mdogo mwenye manyoya magumu kama brashi, wa ile jamii iliyozalishwa kwa kazi ya kuingia mashimoni. Hawakujaliwa watoto. Aliyebaki nyumbani ni Bobbin.

Msitu wa Crowgreave unaanzia kwenye kituo cha mwisho, pale mabasi yanapogeuzia. Kila siku baada ya chakula cha mchana Lorna alikwenda huko na mbwa, na siku zangu za mapumziko nilikwenda nao. Yeye aliongea, mimi nikasikiliza, na wote tulirudi tumeridhika. Kwenye lango dogo la mbao pana kibao kinachosema mbwa wafungwe kamba. Lorna hakuwahi kununua kamba.

"Ya nini?" alikuwa akisema. "Sauti yangu ndiyo kamba yake."

Na kweli nilishamwona Bobbin akimwacha kindi katikati ya mbio kwa sababu Lorna ameita mara moja.

Ilikuwa Februari, matope tupu, miti haina jani. Tulikuwa tunapita juu ya mteremko wenye vichaka vya miiba. Bobbin akasimama, pua juu, mkia umekakamaa. Kisha akateremka kama jiwe lililorushwa. Chini ya mteremko ule kuna mashimo mapana kama ndoo, na mbele ya kila shimo lundo la udongo mpya. Ni makazi ya nyegere, wale wa huku wenye kichwa cheupe na mistari miwili myeusi, wazito, wanaolala mchana. Sisi sote wa upande huu tunayajua mashimo yale na tunapita mbali. Sheria inawalinda, kuchimbua makazi yao ni kosa la kufungwa. Na Februari majike wana watoto.

Lorna aliita. Kwa mara ya kwanza niliyoishuhudia, mbwa hakugeuka. Makalio yake meupe yaliingia shimoni, yakapotea.

Tulishuka tukiteleza. Lorna akapiga magoti kwenye udongo, akaingiza kichwa karibu chote shimoni, akaita tena. Mbwa akabweka kutoka chini, mbali, kama mtu aliyefungiwa stoo. Akaita, mbwa akabweka. Akanyamaza kuvuta pumzi, mbwa akanyamaza. Kisha tukasikia sauti nyingine, mngurumo mzito, na Bobbin akalia kilio cha maumivu.

Nilimpigia simu Gary, ambaye sote tunamwita Gaz, fundi wa mapaa anayekaa ng'ambo ya barabara yetu, nikapiga na ile namba ya watu wa kulinda nyegere iliyoandikwa pale langoni. Gaz ndiye aliyefika kwanza, na beleshi begani.

"Yuko chini tangu saa ngapi, Bi Tordoff?"

"Tangu saa nane kasoro. Na hilo beleshi la nini?"

"La kuchimbia, la nini tena?"

"Gary, liweke chini. Unataka nifie gerezani?"

"Nani atatuona? Huyu?" Akanitazama mimi. "Huyu hasemi hata ukimkanyaga."

"Nimesema weka chini."

Gaz ni mtu mzima mwenye ndevu na watoto watatu, lakini alikula chakula cha Lorna miaka yote ya shule. Akaliweka chini.

"Mtu anakuja kukusaidia, unamgombeza," alinung'unika.

"Ungekula kabichi yako ungekuwa na akili. Ulikuwa unaitia mfukoni. Nilikuwa naona."

Alisema hivyo akijifuta udongo usoni. Kisha akageukia shimo, akaita tena, na tena. Sauti ilishaanza kukwaruza. Tulimsaidia. Gaz alipiga miluzi, nami pia nikaita, kwa aibu. Kila tulipoita, chini kulichafuka zaidi.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti alipofika mwanamke wa nyegere. Aliitwa Harriet, amevaa kofia ya sufu na buti za mpira. Hakusalimia. Alilala kifudifudi, akasikiliza.

"Nani amekuwa akiita?"

"Mimi," alisema Lorna. "Ni mbwa wangu."

"Ndiyo maana hatoki."

Lorna akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Anakusikia," Harriet alisema. "Kila ukiita, anajua uko naye vitani. Mbwa wa aina hii hamwachi adui wakati mmiliki wake yuko juu anamtia moyo. Huko chini kuna jike mwenye watoto, na yeye hana pa kurudi nyuma. Mbwa asipoondoka, atararuliwa."

"Tuchimbe basi," alisema Gaz.

"Bila kibali ni kosa, na kibali hakipatikani jioni hii. Hata kingekuwepo, udongo huu ni mchanga mtupu. Piga beleshi hapo juu, dari inamwangukia."

"Sasa nifanye nini?" Lorna aliuliza.

"Acha kitu chenye harufu yako mlangoni. Kisha nenda mahali asipokusikia, unyamaze."

"Nimwache?"

"Unyamaze. Kumwacha sijasema."

Lorna alilivua koti la Keith. Alilikunja kama anayekunja nguo za mtoto, akalitandika mbele ya shimo. Gaz akamvika jaketi lake lenye madoa ya lami. Tukapanda mpaka nyuma ya mwaloni ulioanguka, tukakaa juu ya majani yaliyooza.

Tulikuwa tunamsikia Bobbin, kwa mbali. Kwanza alibweka kama alivyokuwa akibweka, kwa hasira. Halafu akabweka mara mbili kwa kifupi, akasubiri. Akarudia. Hata mimi nilielewa kwamba anauliza. Lorna alifungua mdomo. Harriet akainua kidole. Lorna akavua glovu yake ya sufu, akaiuma, na machozi yakawa yanateremka kwenye ile glovu.

Bobbin aliuliza tena. Hakujibiwa.

Giza likaanza kuingia. Kule chini taa za jiji ziliwaka mtaa kwa mtaa. Kisha mbwa akanyamaza.

Tuliusubiri mbweko mwingine. Haukuja. Baridi ilikuwa inapanda kutoka ardhini. Nilimtazama Harriet nikitafuta dalili usoni mwake, naye alikuwa anautazama mteremko tu.

Lorna aliinuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye beleshi ambalo Gaz alipanda nalo na kuliegemeza mtini, akalishika, na Gaz akalishika upande wa pili.

"Niachie," Lorna alinong'ona.

"Siachii."

"Amekufa mle. Anakosa hewa. Niachie, Gary."

"Umemsikia huyu mama. Ukipiga hapo unamfukia."

"Nitakuzaba kofi."

"Nizabe." Gaz naye alikuwa ananong'ona. "Shuleni ulitukalisha kimya meza nzima mpaka tuitwe. Njaa inatuuma, chakula tunakiona, na hatuthubutu kupumua. Kaa chini, Bi Tordoff. Hatujaitwa."

Walisimama hivyo, wote wamelishika. Halafu Lorna akaachia, akakaa.

Sijui ulipita muda gani. Niliisikia kabla sijaijua, ile sauti ya masikio ya mbwa yakipigapiga kichwa anapojikung'uta. Harriet akawasha tochi yake yenye mwanga mwekundu. Juu ya koti la kijani palikuwa na donge la matope. Donge likainua kichwa. Mdomo wa juu ulikuwa umechanika na jicho moja limefumba.

"Usimwite," Harriet alisema bila kutoa sauti, kwa midomo tu. "Nenda."

Lorna aliteremka polepole, akishika vichaka vya miiba kwa mkono usio na glovu. Alipokuwa bado mbali, Bobbin alisimama. Akamtazama. Kisha akageuza kichwa, akalitazama shimo, masikio yakasimama. Mguu mmoja wa mbele ukakanyaga ukingoni.

Nilimwona Lorna akisita. Neno moja tu, lile alilomwitia kwa miaka yote, lilikuwa palepale kooni. Hakulisema. Alipiga hatua nyingine, na nyingine, akapiga magoti kwenye matope, akaweka mkono juu ya shingo ya mbwa. Bobbin akaulalia.

Aliuvuta mkanda wa lile koti la Keith, akamfunga nao shingoni mafundo mawili. Gaz akambeba mbwa mpaka kwenye gari lake.

"Kumbe unaweza kunyamaza," alimwambia Lorna langoni.

"Endesha gari," Lorna alisema, kwa sauti ndogo.

Daktari wa mifugo alimshona mdomo. Jicho akasema litapona. Usiku ule nilikaa jikoni na chai yangu, nikasikia mlango wa jirani ukifungwa, viatu vikivuliwa, kiti kikivutwa. Kisha Lorna akaanza kuongea na mbwa. Niliacha kukoroga chai, nikasogea ukutani. Aliongea kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale sikuweza kusikia anasema nini.