Mzamiaji Asiyetoa Mapovu

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na mimi si mtu wa kuona mapepo. Ni muuguzi, naishi Pearland, kando ya Houston, Marekani. Maiti niliowaosha ni wengi kuliko harusi nilizohudhuria. Lakini hili lilinitokea, na nakiri kwako kwa sababu mbele ya niliyemkosea nimeshindwa.

Kiini ni majigambo yangu. Mimi ni wa Nyeri, maji niliyoyajua ni ya beseni. Nilipojifunza kupiga mbizi hapa Houston, wauguzi wenzangu Wakenya walinicheka kwenye grupu la WhatsApp mpaka basi. Wambui wa mtaa wa Alief akaandika, "Wewe? Chini ya bahari? Lete video, picha tutasema umeokota mtandaoni." Haya. Nikaenda kisiwa kimoja cha Karibiani kuwinda samaki-simba. Ni mrembo, ana miiba ya sumu, ila si wa bahari ile. Aliletwa, na sasa anameza samaki wadogo wa matumbawe mpaka miamba inabaki tupu. Ndiyo maana wanamwinda.

Kiongozi wetu Delroy, baba wa makamo mpole, alitupa masharti botini. Usichome mkuki kama huna hakika. Usiguse tumbawe. Ukimpata, mtie kwenye mtungi wa plastiki, funga. "Na usimpe mkunga hata kipande," alisema. Mkunga ni yule samaki mrefu kama nyoka, anakaa mashimoni. "Ukimlisha leo, kesho ataufuata mkono wa yeyote."

Haki nilisikia vizuri kabisa.

Kule chini Delroy na wengine walizunguka mwamba, nikabaki nyuma. Nikamchoma samaki-simba wangu wa kwanza. Mkunga akatoa kichwa shimoni, ananitazama. Kamera ilikuwa kwenye paji langu. Nikawaza, leo Wambui atakoma! Nikaanza kumsogezea samaki.

Hapo ndipo nilipomwona. Mzamiaji amesimama wima mchangani, hatua tatu tu kutoka kwangu. Nikadhani ni Delroy: mwili uleule, miwani ileile ya njano. Alitikisa mkono wa kushoto, hapana, hapana, na vidole viwili vya mwisho havikuwepo. Halafu nikagundua kwamba hatoi mapovu. Unaelewa? Kila anayepumua kwa mtungi wa hewa kule chini hutoa mapovu. Yeye hata moja.

Na bado, niamini, nilimlisha yule mkunga. Niliogopa, lakini nilitaka video zaidi. Nilipogeuka tena, palikuwa na mchanga mtupu.

Botini nilimkagua Delroy mikono. Vidole kumi. Jioni video ikaingia kwenye grupu. Wambui akaandika, "Nimenyoosha mikono, mama!" Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kesho yake tulirudi mwamba uleule. Mkuki wangu ukanasa karibu na lile shimo, Delroy akanyoosha mkono wa kushoto kunisaidia. Mkunga alichomoka, akaupita mkuki, akaudaka mkono. Nilimfunga Delroy jeraha mimi mwenyewe, boti ikikimbia, damu ikinilowesha magoti. "Sijui amepatwa na nini," Delroy alisema akitetemeka. "Miaka yote hii hajawahi kumgusa mtu." Nafasi ya kusema ilikuwa ile. Nikamwambia apumzike, asiongee. Kwa sauti ya kikazi kabisa! Aibu gani hii, jamani?

Vidole viwili vilikatwa. Vya mwisho.

Watu wangeniuliza kama yule wa mchangani amerudi. Hajarudi. Anayerudi ni Delroy, kwenye simu. Hunitumia salamu, ananiita nesi wake, anamshukuru Mungu kwamba nilikuwepo siku ile. Video niliifuta. Nimeanza kumwandikia ukweli mara nyingi, na kila mara naishia kutuma, "Ugua pole."

Basi nawe ukienda kuwinda, funga samaki wako mtungini. Na yeyote akikuonya, awe anapumua au hapumui, rudisha mkono wako. Usikaidi kama mimi. Juzi Delroy amenitumia picha ya mkono uliopona, akaniomba nirudi, nifikie kwake, mkewe anataka kunipikia. Nimemjibu kwamba kazini wametubana.