Nafasi ya Beatha Kwenye Benchi la Drafti

Wanaume wa kijiji cha Mamba bwana! Beatha amelima nao tangawizi, amebeba nao magunia, lakini akisogelea benchi lao la drafti nje ya duka, wote wanageuka mabubu. Mchezo alijifundisha mwenyewe kwa kuwachungulia, akawa anacheza peke yake uani kwa vizibo vya soda, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Siku moja shemeji yake Humphrey, mkubwa wa benchi, alichoka kuombwa nafasi, akamtolea uvivu mbele ya watu:

"Hedaru kuna bonanza la drafti. Wachezaji wa mtaani na wa kulipwa wanachanganywa. Mtoe mmoja tu wa kulipwa, utakaa na sisi. Ukishindwa, usituulize tena maisha."

Basi Jumamosi Beatha alikuwa Hedaru. Mbele yake alikaa Sebastiani, kijana wa klabu aliyekula kwa drafti kama wengine wanavyokula kwa jembe. Humphrey alisimama nyuma ya Beatha, mikono kifuani.

Mchezo ulibana. Kete kwa kete, hakuna anayempa mwenzake nafasi ya kupumua. Sebastiani, aliyeanza kwa kutabasamu, sasa alikuwa anajikuna kidevu. Beatha aliliona hilo, akafurahi mapema mno.

Lori likapita barabarani, meza ikatikisika, kete moja ya Beatha ikasogea. Mkono ukaenda wenyewe kuirudisha. Jamani, Mamba kuna uwanja gani ulionyooka? Uani kwake kila kitu kinateleza kuelekea bondeni. Usiponyoosha kete kila mara, utazifuata migombani.

"Umegusa," Sebastiani akasema. "Cheza hiyo hiyo."

"Nilikuwa nainyoosha tu, mwanangu."

"Sheria ni sheria, mama. Refa?"

"Ukigusa, umecheza," refa akajibu.

Humphrey akaguna nyuma yake: "Si nilisema mimi!" Beatha alitamani ardhi ipasuke immeze. Ile kete ilikuwa na njia moja tu, nayo inaingia moja kwa moja mdomoni mwa Sebastiani. Machozi yalimlenga, lakini hasira ikayawahi. Akaisukuma.

Sebastiani akanyoosha mkono ale, kisha mkono ukasita. Beatha akatazama anapotazama, naye akaona. Kijana akila, anafungua njia: Beatha atakula mbili na kuingia kingi, kete inayotembea ubao mzima.

"Basi nitacheza ile ya pembeni," Sebastiani akasema polepole.

"Kula ni lazima, mwanangu." Beatha akamwahi. "Sheria ni sheria. Refa?"

Refa akamwonyesha Sebastiani ile kete kwa kidole. Akala. Beatha akala mbili, akaingia kingi, na kingi hiyo ikamfagia kijana wa watu mpaka akatoa mkono wa kukubali. Humphrey alikuwa wa kwanza kuondoka kwenda kutafuta bodaboda.

Jumapili baada ya ibada, Humphrey alisogea kwenye benchi bila kumtazama, akamwachia nafasi. Wakapanga kete. Walipofika katikati ya mchezo, moja ya Beatha ikaanza kuteleza, maana hata benchi lile limekaa mteremkoni. Akaishika.

"Umegusa, shemeji!" Humphrey akaruka. "Cheza hiyo hiyo!"

Miaka yote wanaume wale wamenyoosha kete pale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa hivyo. Kumbe Humphrey anamwogopa! Beatha akainama kuficha kicheko na machozi, akaicheza.